Bodaboda, machinga na mashine ya kuranda

Kijana akiacha shamba Kilosa, akaja Mbagala na kuchukua bodaboda ya mkataba, wastani wa tija ya nchi, yaani kiasi anachozalisha kila mfanyakazi, unapanda, ingawa hakuna aliyebuni chochote. Sisi wachumi tunaita mabadiliko ya muundo wa uchumi.

Hesabu yake haina uchawi. Kilimo kina takriban asilimia 65 ya nguvu kazi ya Tanzania, lakini mchango wake kwenye Pato la Taifa ni kama asilimia 26. Gawa 26 kwa 65, kisha, kwa sekta nyingine zote, 74 kwa 35: unapata 0.4 na 2.1. Asiye mkulima anazalisha zaidi ya mara tano ya mkulima. (Ukihesabu saa za kazi badala ya vichwa pengo linasinyaa sana, maana anayetegemea mvua halimi mwaka mzima.)

Mchumi Arthur Lewis, mwaka 1954, alitarajia wanaotoka shambani wamezwe na sekta ya kisasa, viwanda vikiwemo. Dar ilipata kiwanda cha nguo cha Urafiki na vingine, ila waliowapokea wengi ni barabara na masoko. Hapo ndipo penye utata. Machinga mpya akitandika bidhaa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, haongezi wateja. Anagawana na wenzake wateja walewale waliopo. Wastani wa nchi umepanda kwa sababu amehama, huku wastani ndani ya biashara ndogo ukishuka. Mtu akinionesha ukuaji wa tija, swali langu la kwanza ni umetokana na kuhama au na kazi yenyewe kuboreka. Kuhama kuna mwisho.

Ndiyo maana napenda kuangalia Keko, kwa mafundi samani. Mmoja anasukuma randa ya mkono tangu asubuhi. Jirani yake ana mashine ya kuranda, na wasio nayo wanampelekea mbao, wanalipia, wanarudi kuunga meza zao. Kwenye takwimu wote ni sekta isiyo rasmi. Kwa tija ni watu wa dunia mbili, na mimi naona nafasi yetu kubwa iko kwa huyu wa pili kuliko kwa mwekezaji tunayemsubiri na mkasi wa kukatia utepe.

Anachohitaji si semina. Anataka umeme wa njia tatu, eneo ambalo hataamriwa kuhama, na mkopo wa mashine. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, wakati mashine ya kuranda ina mwenyewe mmoja, anayeijua na kuitunza. Ningeanza kwa kurekebisha hapo.