Pesa za bure na hofu ya baa

"Mpe kijana asiye na kazi wala shule pesa mkononi, utamkuta baa." Nimeyasikia haya matatuni, kanisani, hata kwenye vikao vya harusi hapa Nairobi. Yanawaumiza vijana wengi, na si kweli.

Mwaka 2014 watafiti wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walipitia tafiti 19 za misaada ya pesa taslimu Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini. Karibu zote zilionyesha matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka. Mahali pengine yalipungua.

Uvivu je? Huko Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly liliwapa watu wazima wa vijiji vizima kama shilingi 2,250 kwa mwezi, baadhi wakiahidiwa miaka 12. Kazi kwa jumla haikupungua. Baadhi waliacha vibarua wakafungua biashara zao.

Kuna upande wa kukiri. Wasichana wa miaka 18 na 19 wa mitaa maskini ya Nairobi walipopewa ruzuku ya mara moja, mapato yalipanda mwaka wa kwanza, kisha faida ikayeyuka. Tubishane basi kuhusu kiasi na muda.

Binti mmoja wa Mathare ninayemfahamu alipata elfu chache kwa M-Pesa. Alilipa deni la dukani kwanza, akanunua jiko, kikaango na unga. Kesho yake, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa akiwauzia chapati watu wa mjengo.