Proust, jirani mgonjwa wa ghorofa ya chini

Tuliofundishwa kuandika barua shuleni tunaujua mpangilio: salamu, kisha "madhumuni ya barua hii ni kukujulia hali, mimi huku sijambo". Hata aliye hoi kitandani ataandika hajambo. Marcel Proust, mwandishi wa riwaya wa Kifaransa, alikuwa kinyume kabisa. Mara nyingi huanza na pumu, homa, usingizi uliomkimbia. Haja yenyewe unaikuta mbele huko, imefunikwa kwa heshima tele.

Kazi yangu ni kusoma miandiko ya zamani ya Kifaransa, na huu wake hunitoa jasho. Aliandika usiku, kitandani, ameegemea mito. Herufi zimelala na kushikana, miisho ya maneno imeliwa, na nafasi ikimwishia anapanda pambizoni. Tarehe? Karibu haandiki kamwe.

Mtafiti Philip Kolb wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, alikesha na tatizo hilo hadi zikatoka juzuu 21 za barua, kati ya 1970 na 1993. Alishika chochote: muhuri wa posta, mvua iliyotajwa, msiba wa mtu, karatasi yenyewe. Ukingo mweusi, kwa mfano, ni karatasi ya matanga. Mama yake Proust alifariki 1905, hivyo ukingo huo unaweza kuelekeza kwenye kipindi hicho. Maradhi anayoyataja nayo yakawa kalenda.

Wapo wanaodai alikuwa anadeka. Sikubali. Pumu ilimshika akiwa na miaka 9, na nimonia ikamwondoa 1922 akiwa na 51. Ila aliujua pia uzito wa kusema "naumwa" anapoomba jambo.

Tazama zile barua 23 alizomwandikia Bi. Williams, jirani yake wa juu, zilizochapishwa 2013. Walikaa jengo moja, 102 boulevard Haussmann, Paris. Mume wa bibi huyo, Mmarekani, alikuwa daktari wa meno, na kliniki yake ilikuwa juu ya Proust. Huku chini mgonjwa amefunga madirisha, anajifukiza poda ya pumu, kuta kazifunika kwa magome ya koki, yale ya kutengenezea vizibo vya chupa, tangu 1910 ili kelele zisipite. Zilipita.

Basi katika barua moja, baada ya maneno matamu, anaomba masanduku ya huko juu yapigiliwe misumari usiku huohuo. Na kama ni lazima iwe kesho, basi isiwe kabla ya saa kumi au kumi na moja jioni. Kwake yeye, hapo ndipo kulikuwa kunakucha.