Cheti cha ISO 14001 hakipimi moshi

Ukiingia kiwandani siku hizi, si ajabu kukuta cheti cha ISO 14001, kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa mazingira, kimetundikwa mapokezi. Kama mkaguzi wa mazingira nakiheshimu, maana kukipata ni kazi. Tatizo ni kwamba wengi, wakiwemo wawekezaji, hukichukulia kuwa ushahidi kwamba kiwanda hakichafui. Sicho kinachothibitishwa.

Kiwango hicho kilitoka 1996 na kimerekebishwa zaidi ya mara moja. Kinadai mfumo: sera, malengo, mafunzo, ukaguzi wa ndani, ahadi ya kutii sheria na kuendelea kuboresha. Miligramu hakizitaji. Kiwanda cha nguo cha Tanzania kinachotiririsha majitaka kinabanwa na kanuni za nchi, ambazo ukomo wake wa BOD (oksijeni inayohitajiwa na vijidudu kuozesha uchafu ulio majini) ni miligramu 30 kwa lita. Kwa hiyo viwanda viwili vinaweza kushika cheti kilekile, kimoja kikichafua mto kuliko kingine.

Je, vyeti vya hiari vinapunguza uchafuzi? Inategemea nani anaangalia. Mwaka 2000, Andrew King na Michael Lenox walichunguza Responsible Care, mpango wa hiari wa kampuni za kemikali Marekani. Wanachama walikuwa wakiboresha polepole kuliko wasio wanachama. Wakati huo mpango haukuwa na mkaguzi wa nje wala adhabu. Upande wa ISO 14001, Matthew Potoski na Aseem Prakash walikuta mwaka 2005 kwamba viwanda vya Marekani vyenye cheti vilipunguza uchafuzi zaidi. Kwa cheti hicho mkaguzi wa nje ni lazima.

Lakini mkaguzi huyo analipwa na nani? Gujarat, India, sheria iliwataka wenye viwanda kuajiri na kulipa wakaguzi wao wenyewe. Taarifa nyingi zilionesha vipimo vikijazana chini kidogo tu ya ukomo. Mchumi Esther Duflo na wenzake wakajaribu njia nyingine: wakaguzi wapangwe kwa bahati nasibu, walipwe kutoka mfuko wa pamoja, na baadhi ya vipimo vyao virudiwe. Wakaguzi wakaanza kusema kweli, na viwanda vikapunguza uchafuzi.

Kwenye ISO 14001 bado kampuni huchagua na kulipa yenyewe taasisi inayoikagua. Ndiyo maana mimi naomba rejesta ya vipimo. Nikikuta BOD ya 28, 29, 28, 29 mwezi hadi mwezi, naingiwa na wasiwasi kuliko nikikuta mwezi mmoja umeruka hadi 41, na pembeni kumeandikwa kuwa kipuliza hewa cha bwawa kiliharibika na tarehe kilipotengenezwa.

EMAS, mpango wa hiari wa Umoja wa Ulaya wa usimamizi wa mazingira, unataka takwimu za aina hii zihakikiwe na mtu wa nje, kisha zitangazwe kwa umma. Kampuni zetu zenye ISO 14001 tayari zinazo kwenye majalada. Ziziweke kwenye tovuti, pamoja na ile miezi mibaya.