Je, Wajua Kwa Nini Sinki Lililozibuliwa Juzi Huziba Tena?

Sinki la jikoni likigoma, wengi wetu tunanyoosha henga, tunaitumbukiza kwenye tundu na kusukuma mpaka maji yashuke kwa kishindo. Siku chache baadaye maji yamesimama tena. Analaumiwa fundi aliyejenga, au mpangaji wa juu, au mtoto anayedhaniwa kuangusha kijiko. Mara nyingi hakuna kijiko chochote. Henga ilitoboa tundu katikati ya uchafu, na uchafu wenyewe ukabaki palepale ukutani mwa bomba.

Bomba la sinki huwa na upana wa inchi moja na nusu au mbili tu, na huziba kwa tabaka, kidogo kidogo, kama ukoko unavyoshika sufuria. Tabaka la kwanza ni mafuta. Mafuta ya nyama ya ng'ombe huanza kuganda yakiwa bado na joto la nyuzi 40 hivi, kwa hiyo mchuzi unaomwagwa ukiwa vuguvugu huganda kabla haujafika nje ya nyumba. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam mwezi Desemba yanateleza tu, lakini Nairobi mwezi Julai yanaganda ndani ya chupa kabatini, na bombani vilevile. Yakishaganda hunasa kila kipitacho: punje za wali, machicha ya nazi, majani ya chai, unga wa chapati uliooshwa mikononi. Maji ya kuoshea sufuria ya ugali nayo yana wanga ulioiva, unaonata na kukaza ukipoa.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Pwani wanalijua kwa macho bila kujua sababu yake. Mombasa na Zanzibar zimekaa juu ya miamba ya matumbawe, na maji ya visima vyake yana chokaa nyingi. Ndiyo maana sabuni haitoi povu kwa urahisi na huacha utando mweupe kwenye beseni. Sabuni imeungana na kalisiamu ya maji ikawa kitu kisichoyeyuka. Mafuta ya jikoni yanaweza kufika mwisho huohuo ndani ya mabomba. Mwaka 2017 huko London, chini ya mtaa wa Whitechapel, walikuta bonge la mafuta na vitambaa vya kujifutia lenye urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Kipande chake kiliwekwa makumbusho mwaka uliofuata. Sinki lako halitafika huko, ila kemia ni ileile.

Basi vipi kuhusu kostiki soda inayouzwa dukani? Hufanya kazi kweli, kwa kuyageuza mafuta kuwa sabuni. Tatizo ni kwamba ukiimwaga juu ya maji yaliyosimama huzimuliwa kabla haijafika penye mzibo, na maji yakiwa yanapita kidogo, hupenya katika tundu lilelile la henga na kuliacha tabaka la pembeni. Isipopata maji ya kutosha, huganda yenyewe na kuwa jiwe. Pia hutoa joto kali inapokutana na maji, na bomba la plastiki la PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi. Kwa sababu hiyohiyo sipendi ushauri wa kumimina maji yanayochemka. Na ukishatia soda, mwambie fundi. Wapo wanaoona aibu kusema walijaribu wenyewe, halafu fundi wa watu anafungua bomba na kumwagikiwa usoni.

Fundi bomba anayeijua kazi haanzi na waya. Anaanza na maswali. Ni sinki peke yake, au bafu nalo linasuasua? Ukivuta maji chooni, bafuni panabubujika? Kama ni sinki tu, ataweka ndoo chini yake na kufungua ule mkunjo wenye umbo la S, maana hapo uchafu hutua kwanza. (Mkunjo huo hubakiza maji makusudi ili harufu isirudi ndani. Alexander Cumming, mtengeneza saa wa Uskochi, aliupatia hataza mwaka 1775, na wazo hilo la kuzuia harufu kwa maji linatumika hadi leo.) Mwenye sinki mbili atamwona akiziba tundu la pili kwa kitambaa kibichi kabla ya kutumia pampu ya mpira. Bila hivyo nguvu yote hutokea upande wa pili.

Nyumba nzima ikiwa imegoma, ataenda nje kufunua chemba, yaani kishimo chenye mfuniko ambamo bomba la maji taka hupita, na hapa ndipo utaalamu ulipo. Chemba ikiwa kavu huku ndani kumejaa, mzibo uko kati ya nyumba na chemba. Ikiwa imejaa, mzibo uko mbele, na kusukuma waya kutoka jikoni ni kupoteza jasho. Atafunua ya pili, na ya tatu ikibidi: kati ya chemba iliyojaa na ile iliyo kavu ndipo penye kazi. Kufunua na kuchungulia kunatosha. Mtu asiingie kwenye shimo la maji taka, kwa sababu gesi yake huua upesi.

Kwa mzibo wa mbali kuna waya wa chuma unaozungushwa kwa mota. Samuel Blanc wa Des Moines, Marekani, aliunda wa kwake mwaka 1933 kwa mota ya mashine ya kufulia na magurudumu ya viatu vya kuteleza, akafunga visu kwenye ncha ili vikate mizizi ya miti. Mizizi ni mkosaji hata kwetu. Mti uliopandwa karibu na chemba kwa ajili ya kivuli hufuata unyevu na kuingia kwenye kiungio kilicholegea.

Kuna mizibo ambayo waya hauiponyi kabisa. Bomba la taka linahitaji mteremko wa sentimita 2 hivi kwa kila mita. Likilazwa tambarare, au udongo ukititia na bomba likafanya tumbo, uchafu utatua hapohapo kila wiki. Fundi mkweli atakwambia lichimbwe, na utamwona ana tamaa. Bomba la kupumulia, lile linaloingiza hewa kwenye mabomba ya taka, likikosekana au likizibwa na kiota cha ndege, sinki litaguguma na maji ya mkunjo yatanyonywa, harufu iingie ndani.

Mnapopatana bei, uliza kama ni ya kuzibua tu au ya kusafisha bomba lote, kwa kuwa hizo ni kazi mbili. Akimaliza, jaza sinki pomoni kisha ng'oa kizibo, mmoja wenu akiwa amesimama penye chemba. Maji yatoke kwa mkupuo, yakiwa na mabonge meupe ya mafuta. Yakitoka kwa kudondoka, au yakija masafi wakati bomba lilikuwa limeziba kabisa, mwombe arudishe waya kabla hujamlipa.