Je, teknolojia ya kidijitali haitoi hewa ya ukaa?

Wengi huamini kwamba shughuli ikihamia mtandaoni uchafuzi wake hukoma, na kwamba mwekezaji wa kigeni wa teknolojia, kwa kuwa hajengi kiwanda chenye bomba la moshi, haongezi hewa ya ukaa. Imani hiyo haikuzuka hivi hivi, kwani malipo ya simu kweli huokoa safari na karatasi.

Hata hivyo, data hukaa kwenye kompyuta zinazowashwa na kupozwa usiku na mchana, na sehemu kubwa ya hewa ya ukaa inayohusishwa na simu hutolewa wakati wa kuitengeneza, kabla haijafika dukani. Ayalandi, iliyovutia kampuni nyingi za nje, ni mfano ulio wazi: vituo vya data, yaani majengo yenye kompyuta hizo, vilitumia takriban asilimia 5 ya umeme wake mwaka 2015, na asilimia 21 mwaka 2023. Kituo kama hicho kingejengwa Kenya, ambako takriban asilimia 90 ya umeme hutokana na jotoardhi, maji, upepo na jua, kingechafua hewa kidogo kuliko penye umeme wa makaa ya mawe. Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni umeme wenyewe kuliko uraia wa mwekezaji.

Msomaji wa Kenya anayetaka kujua umeme wake unatokana na nini anaweza kuanza na risiti ya tokeni za umeme: humo mna tozo ya gharama ya mafuta, ambayo kwa kawaida hupanda ukame unapopunguza maji mabwawani na mitambo ya mafuta ikawashwa zaidi. Akisoma kwamba uchafuzi wa nchi umepungua, aangalie kama kinachotajwa ni jumla ya tani au ni kiasi kwa kila shilingi ya pato la taifa, maana hicho cha pili kinaweza kushuka huku jumla ikipanda.