Mkaa usio na moshi hemani bado ni hatari
Kuna ile meseji inazungushwa kwenye magrupu kila baridi ikikaza, eti ukipiga kambi kwenye barafu subiri mkaa uwe mwekundu, moshi uishe, ndo uingize jiko hemani ulale nalo. Sio kweli jamani. Mkaa mwekundu bado unatoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na kuacha zipu wazi kidogo hakutoshi. Watu wanachanganya sababu moshi unawasha macho ila hewa hii haiwashi, kichwa kinauma unasinzia unadhani ni uchovu tu. Kuhakiki ni rahisi, kuna vikengele vya betri vya kupima hewa hiyo, vinalia hata moshi huuoni. Jiko libaki nje, maji ya moto tia kwenye chupa isiyovuja, ivalishe soksi ulale nayo. Meseji hiyo ikikufikia usiiforwadi.