Kwa nini programu ya mkopo inataka namba zote za simu yako?

Unapakua programu ya mkopo, unataka shilingi elfu hamsini tu, na hata jina hujajaza inaanza kuomba ruhusa: isome meseji, ione namba ulizohifadhi, ijue ulipo. Wengi hubonyeza "Ruhusu" mfululizo, maana shida haisubiri. Lakini mkopeshaji ana haja gani na namba ya shangazi yako?

Benki hudai hati ya nyumba au barua ya mwajiri. Mkopeshaji wa mtandaoni hana dhamana hiyo, hivyo anaitafuta ndani ya simu. Meseji za M-Pesa ndizo zenye utamu. Kila moja inataja kiasi, aliyetuma au kupokea, tarehe, saa, na salio lililobaki. Zikichambuliwa za miezi kadhaa, mfumo unajua pesa zako huingia lini, huisha baada ya siku ngapi, na kama unadaiwa kwingine. Kiwango cha mkopo huamuliwa hapo, ndani ya dakika chache.

Namba zina kazi nyingine, na hii ndiyo inayoniudhi. Ukichelewa kulipa, wapo wanaompigia bosi wako, mchumba, hata fundi aliyewahi kukutengenezea friji, wakimtangazia kuwa unadaiwa. Hao hawakukopa, wala hakuna aliyewaomba ruhusa. Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya aliitoza Mulla Pride, kampuni ya programu za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizozipata kupitia watu wengine kupiga simu na kutuma meseji za vitisho. Tanzania nako, Novemba 2024, Benki Kuu ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Tangu 2023 Google inazikataza programu za mikopo zilizoko Play Store kugusa namba na picha zako. Ukitumiwa linki ya kupakua nje ya hapo, shtuka.

Kuifuta programu hakufuti ilichokwisha kuchukua. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinakupa haki ya kumuuliza mkopeshaji ana taarifa gani zako na kudai zifutwe. Aliyesumbuliwa kwa deni lisilo lake naye ana haki ya kulalamika: Kenya kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, Tanzania kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Azitunze meseji zote alizotumiwa, pamoja na namba zilizompigia.